Fulana ya Wanjugu Mdogo

Kwa maneno ya jirani, Mama Riungu, yule mtoto alipikwa.

Hakusema aliungua, wala hakusema alizidiwa na homa. Alisema alipikwa, na kila alipolitamka neno hilo alishusha sauti na kugeuza shingo kuona kama Angeline, mama wa mtoto, yuko karibu. Alisema kijana wa Laare anayesomea digrii ya pili ya mashine za hospitali alipewa masharti na walimu wake huko Nairobi: atafute mtoto mmoja wa kujaribia, ampandishe joto hatua kwa hatua, aandike anavyobadilika rangi. Alisema yeye mwenyewe alikuwa wodini siku hiyo, amempelekea jamaa yake uji, akamwona kijana huyo, Mwiti, kwa macho yake mawili. Amekaa mbele ya kile kisanduku cha kioo, kalamu mkononi, anaandika huku mtoto anatoka jasho.

"Na alikuwa anatabasamu," Mama Riungu alimalizia. "Mungu ananiona."

Wanawake waliokuja kuchota maji kwenye tangi wakaguna. Mmoja akatema mate pembeni.

Wawira alikuwa amechutama nyuma ya jiko, anasugua sufuria za matanga kwa jivu. Alisikia kila neno. Alijua pia kwamba siku hiyo Mwiti hakuwa wodini, wala hakuwa Meru. Alikuwa Nairobi mbele ya msimamizi wake, na simu yake ndiyo iliyomkuta Wawira na ndoo ya maji mkononi, saa saba mchana. "Wamekubali, karani wangu," alimwambia, sauti inacheka. "Imebaki sura moja tu."

Angeweza kuinuka akalisema hilo mbele ya wote. Aliongeza jivu akaendelea kusugua.

Hapo palikuwa nyumbani kwa dada yake, nje kidogo ya Mikinduri, siku ya sita tangu mtoto afe. Wawira na Angeline ni wasichana wa Runyenjes, upande wa Embu. Angeline aliolewa huku na Antony, mkulima wa miraa. Wawira alikuja miaka mitatu iliyopita kumsaidia kulea mtoto wa kwanza, akapata kazi ya kudeki na kufua katika hospitali ya misheni, akabaki. Mtoto wa pili alizaliwa wa miezi saba, naye pia msichana. Kwa desturi ya Embu, msichana wa pili huchukua jina la mama wa mama, na Antony hakubisha. Akaitwa Wanjugu. Mama yao, Wanjugu mkubwa, alipopata habari alifunga nguo tatu na sindano zake za kufumia, akafika Mikinduri siku hiyo hiyo kumwona mtoto wa jina lake.

Mtoto aliishi siku tisa ndani ya inkubeta, kile kisanduku cha kioo cha kuwatunzia joto watoto njiti. Siku ya kumi, kulipopambazuka, hakuwepo tena.

Inkubeta hiyo ilikuwa ya msaada, ya zamani, iliyokaa stoo miaka mingi ikiegemezewa mafagio. Mwiti, fundi wa mashine wa hospitali, ndiye aliyeifufua. Alikuwa mwaka wa pili wa uhandisi wa vifaa tiba, na kazi yake ya digrii ilikuwa kisanduku cha kijani kisichozidi mkate kwa ukubwa, alichokitengeneza kwa mikono yake na kukifunga chini ya ile mashine. Kisanduku kilipokea habari kutoka kwa waya mwembamba uliobandikwa tumboni kwa mtoto, kikaiambia mashine iongeze joto au ipunguze.

Kwenye karakana yake ya hospitali ndipo Wawira alipompata, au alipopatikana. Alikuja kudeki, akamkuta kijana mrefu anaandika namba kwenye daftari kwa mwandiko mbaya kama kuku waliopita kwenye tope.

"Wewe," Mwiti alimwita, "unaweza kunisomea hii nane?"

"Hiyo si tatu?"

Wakacheka. Tangu siku hiyo, kila jioni baada ya kazi, Mwiti alisoma kipimajoto na Wawira akaandika. Mtoto wao wa majaribio alikuwa chupa ya mpira iliyojaa maji moto, ambayo Wawira aliivisha kofia na kuipa jina la Bwana Chubwi. Walimpima Bwana Chubwi miezi mitano, madaftari manne.

"Mwandiko huu umeutoa wapi?" Mwiti alimwuliza siku moja.

"Darasa la nane, Runyenjes."

"Ukaishia hapo?"

"Mwandiko haukuishia hapo. Niliyeishia ni mimi."

Mwiti hakucheka. Alimtazama mpaka Wawira akasahau namba aliyokuwa anaandika, kisha akashika mkono wake, akauwekea ule waya mwembamba kiganjani na kubandika plasta juu yake. Kwenye kioo cha kisanduku namba zikaanza kupanda.

"Unaona? Huu ndio mkono wa mama. Ukigusa ngozi, mashine inajua. Ukigusa kitu kingine chochote, nguo, karatasi, upepo, mashine inadanganyika, na haina njia ya kujua kwamba imedanganyika."

Maneno hayo Wawira aliyashika. Na hayo ndiyo yaliyomfanya asilale tangu mtoto afe.

Kwa sababu siku ile, saa nane mchana, akiwa anadeki wodi ya watoto wachanga, aliona kitu cha manjano ndani ya kioo. Fulana ya sufu, ya kufunga kamba mbele. Akaona ule waya umebandikwa juu ya sufu. Mama yake alikuwa amesimama kando, mikono kifuani, uso unang'aa kama wa msichana. "Muone," mama alimnong'oneza. "Sasa amevaa kama mtu." Wawira ndiye aliyempitisha mlangoni, kwa kuwa Angeline alikuwa amepasuliwa na hawezi kutembea. Wawira alitazama ule waya. Alijua. Akajiambia, nimalize ukumbi huu kwanza, nimwache mama afurahi dakika tano, kisha nimwambie nesi.

Alipomaliza ukumbi aliitwa leba kufuta damu. Kutoka leba alipelekwa kufua. Jua lilipotua akaenda nyumbani.

Asubuhi aliikuta fulana kwenye kapu la nguo chafu, imeviringishwa ndani ya mashuka. Kila mtu alikuwa amekimbizana na homa ya mtoto. Mkono wa nani uliivua, hakuna aliyekumbuka. Wawira aliificha ndani ya gauni lake. Sasa ilikuwa chini ya godoro lake, na kila asubuhi mama alimwuliza swali lile lile.

"Umeniulizia ile fulana hospitali?"

"Bado, mama."

"Waulize vizuri. Sikumwona nayo kwenye jeneza."

Wawira alikuwa anasuuza sufuria ya mwisho Mama Riungu alipopaza sauti.

"Haki ya nani! Amekuja! Amekuja kuhesabu waliobaki!"

Wawira alisimama, maji yanamtiririka viwikoni. Mwiti alikuwa langoni. Pikipiki iliyomleta ilisimama barabarani, mwendeshaji hajazima injini, kama mtu aliyeambiwa hatakaa sana. Mwiti alikuwa amekonda. Ndevu zimemwota ovyo, koti lile la kazini limemning'inia. Mkononi alibeba mfuko wa sukari na majani ya chai, kama mgeni yeyote wa matanga. Macho yake yalimtafuta Wawira, yakampata, yakatua kwake kwa muda mfupi tu, kisha yakashuka chini. Moyo wa Wawira ulienda kwake mbio; miguu ikabaki pale pale.

Mama yake Wawira alikuwa kwenye kigoda mlangoni, mpira wa sufu ya manjano mapajani, sindano zinagongana. Tangu mazishi mikono yake haikutulia, na Wawira hakuwa na nguvu ya kuuliza anafuma nini.

"Mama Riungu," alisema bila kuinua macho, "nenda ukapike. Nyumba hii ina wenyewe."

"Lakini dada—"

"Nenda."

Mama Riungu akaondoka na ndoo nusu, anageuka kila hatua tatu.

Mama yake Wawira hakuwahi kumpenda Mwiti. Alipoambiwa habari zake mara ya kwanza, kabla ya msiba, alisema: "Mtu wa digrii mbili na msichana wa darasa la nane? Atakuchoka kabla ukuta wa nyumba yenu haujakauka." Sasa alimtazama kuanzia viatu hadi kichwa.

"Kaa, kijana."

"Nitasimama tu, mama."

"Kaa. Mtu mrefu akisimama mbele yangu namwona kama polisi."

Mwiti alikaa juu ya kreti ya soda. Magoti yakamfika kifuani.

"Wanasema umempika mjukuu wangu."

"Nimesikia, mama."

"Umempika?"

Mwiti aliweka mfuko wa sukari chini, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Sijui," alisema. "Kile kisanduku wamekifungia kabatini. Lakini nina pacha wake nyumbani Laare, na nimemfungua mara kumi na nne. Kila waya, kila skrubu. Sioni kosa. Lakini mtoto wenu aliingia mle na joto la kawaida, akatolewa na joto la arobaini na moja. Kwa hivyo kosa lipo, mama, na mashine ni yangu, kwa hivyo kosa ni langu. Alhamisi kamati inakuja kutoka chuoni. Nitawaambia hivyo hivyo. Nimekuja ulisikie kwangu kwanza."

Sindano zilisimama. Wawira aliuma mdomo wa chini mpaka akasikia chumvi.

"Watakufanya nini?" mama aliuliza.

"Masomo yataisha. Kazi pia. Wengine wanataja mahakama."

"Na baba yako?"

"Aliuza ng'ombe wake watatu nikasome. Hajaniambia neno wiki nzima. Ananiwekea chakula, anatoka nje."

Mama alizungusha uzi kidoleni. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeogopa jibu: "Hiyo mashine yako si huandika? Wawira aliniambia huandika. Iliandika nini?"

"Iliandika kila dakika. Saa saba na dakika arobaini, joto la ngozi lilishuka ghafla, halikurudi tena. Mashine ikaona mtoto anapoa, ikaanza kuongeza joto. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Mtoto hapoi kwa dakika moja."

"Hakupoa," mama alisema papo hapo. "Hiyo ni mashine mwongo. Mimi nilikuwa hapo."

"Mama," Wawira alisema.

"Nyamaza, naongea na mgeni." Aliinama mbele, karibu na goti la Mwiti. "Alikuwa uchi, mwanangu. Siku saba uchi, mbele ya watu, mtoto wa jina langu. Nikakaa siku mbili nikamfumia fulana, sikulala. Nesi alipotoka, nikafungua kile kidirisha cha pembeni nikamvisha kwa mikono yangu. Na sikuharibu kitu chako. Kile kiwaya nilikibandua polepole, nikamfunga kamba zake, nikakirudisha juu ya fulana kwa plasta ile ile, nikakikandamiza kisidondoke. Nimelea watoto sita, siwezi kuharibu kazi ya mtu. Kwa hivyo usiniambie alipoa. Mengine yote mtasema ninyi mliosoma. Lakini mjukuu wangu hakufa na baridi. Hilo ndilo linanipa usingizi."

Kuku alipita katikati yao, akadonoa mfuko wa sukari, akaenda zake.

Wawira aliuona uso wa Mwiti ukibadilika. Haukubadilika kwa hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyebeba gunia kutoka mbali, akatuliwa ghafla, na mwili bado haujajua kunyooka. Kisha macho yake yakaenda kwenye sufu ya manjano. Yakatoka kwenye sufu yakaja kwa Wawira. Wawira hakuweza kuyakwepa. Alijua kinachosomeka usoni mwake, na Mwiti alikuwa amemsoma kwa miaka miwili.

Sasa atasema, Wawira aliwaza. Na ana haki ya kusema.

Mwiti alipangusa uso kwa kiganja.

"Ilikuwa rangi hii, mama?"

"Hii hii."

"Basi ilimpendeza." Aligusa ncha ya uzi. "Ni kweli, mama. Hakufa na baridi."

Mama alimshika mkono, yule mama asiyempenda, akaushikilia. "Wawira," alisema, "msindikize mgeni."

Njia ya kwenda barabarani ilipita katikati ya miti ya miraa ya Antony. Walitembea, yeye mbele, Wawira nyuma, mpaka nyumba ikafichika. Hapo Mwiti alisimama bila kugeuka.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu saa nane ya siku ile."

Aligeuka. Wawira alikuwa amejiandaa kwa kofi, kwa tusi, kwa chochote. Hakuwa amejiandaa kwa machozi ya mwanaume.

"Uliuona waya?"

"Niliuona. Juu ya sufu. Na ulikuwa umenifundisha, Mwiti. Nikasema nimalize ukumbi. Mama alikuwa na furaha, sijamwona na furaha hivyo tangu baba afe. Nikasema dakika tano tu." Maneno yalimtoka kama maji ya mtungi uliopasuka. "Halafu wakaniita leba. Halafu... sijui. Nilisahau. Nilienda nyumbani nikala, nikalala. Mtoto anaungua, mimi nimelala."

"Fulana iko wapi?"

"Chini ya godoro langu."

"Siku sita," Mwiti alisema polepole. "Siku sita nimekaa na ile chupa yetu ya mpira, Wawira. Bwana Chubwi. Nampasha joto, nampoza, natafuta nilipoua mtu. Nilikupigia simu mara ngapi?"

"Nyingi."

"Kila moja uliiona?"

"Kila moja."

Aliketi kwenye jiwe. Wawira alitamani kumwendea, akishike kile kichwa akiweke tumboni kwake kama zamani karakanani, taa zikizimika. Hatua mbili tu. Hakuzipiga.

"Niambie kitu," alisema Wawira. "Ukiwaambia, watamwita mama?"

"Watamwita."

"Watamwambia alimuua Wanjugu mdogo. Mbele ya Angeline. Mama yangu atakufa, Mwiti. Hatajinyonga, hatakunywa sumu. Atakaa tu kwenye kile kigoda mpaka afe."

"Najua. Kwa nini unadhani nilinyamaza pale?"

"Basi nyamaza na Alhamisi."

Lilimtoka kabla hajalipima. Mwiti aliinua macho, na Wawira akaona kwamba hilo ndilo lililomuumiza kuliko siku zote sita.

"Ningenyamaza," alisema. "Kwa ajili yako ningenyamaza. Nirudi Laare nikachume miraa na baba, waniite mpika watoto mpaka nizeeke. Lakini wakikilaumu kisanduku, watakivunja na kesi itaishia hapo. Na ule waya hauko kwenye kisanduku changu peke yake. Mashine zote mle wodini zina waya. Hakuna bibi hata mmoja aliyeambiwa usiguse, wala kwa nini. Sikuandika hata kibao. Madaftari manne, Wawira, na hakuna ukurasa hata mmoja uliosema bibi atafanya nini. Hilo ndilo kosa langu, na hilo nitalibeba."

Pikipiki ilipiga honi barabarani.

Mwiti alisimama. Alikuja karibu mpaka Wawira akasikia harufu ya koti lake, ile harufu ya risasi ya kulehemu na sabuni ya hospitali. Alimshika kiganja, pale pale alipowahi kubandika ule waya.

"Sitalisema peke yangu. Sitamtaja mama yako kama wewe hupo. Alhamisi, saa nne asubuhi, ukumbi wa hospitali. Nakuomba uje na ile fulana. Simama nami. Tuwaambie pamoja, na jioni tuje hapa, tumwambie mama sisi wawili, tumshike mikono. Utakuja?"

Wawira alitazama kiganja chake ndani ya kile cha Mwiti, akaona jivu la sufuria bado limekwama kwenye mikunjo.

Mwiti alingoja. Honi ililia tena. Akangoja tena. Kisha akauachia ule mkono, akaenda, na Wawira akabaki kusikiliza pikipiki mpaka isisikike.

Aliporudi nyumbani, mama alikuwa anakata uzi kwa meno. Kazi ilikuwa imekamilika. Aliinyoosha juu ya goti, akaipiga piga kwa kiganja: fulana ndogo ya manjano, ya kufunga kamba mbele.

"Mkaza mwana wa Mama Riungu amejifungua jana," alisema. "Kabla ya wakati, kama Angeline. Kilo moja na kitu. Nimesikia wamemweka mle mle kwenye vioo, uchi." Aliikunja fulana mara mbili, akaiweka kifuani. "Yule mwanamke ana mdomo, lakini mtoto hana kosa. Uzi ulikuwa umebaki, nikasema usipotee bure."

Wawira alishika fremu ya mlango.

"Asubuhi unaingia kazini saa ngapi? Nipitishe mlangoni kama siku ile, nimvishe mara moja tu. Sitakaa." Mama aliinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi ulikuwa na mwanga kidogo. "Wawira? Utanipitisha?"